Msiwafundishe wasomaji kung'oa vifurushi kwa nguvu

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wa teknolojia wa Jumapili iliyopita, ile iliyoeleza namna ya kutatua masasisho yaliyokwama kwenye kompyuta zinazotumia Gentoo, mfumo endeshi wa aina ya Linux, imekatwa na kubandikwa ukutani katika maabara yetu ya kompyuta hapa Tororo. Walioibandika ni wanafunzi wangu wa S.3, yaani kidato cha tatu. Walifurahi, kwa kuwa ni nadra gazeti la Kiswahili kuandika jambo wanalolifanya kwa mikono yao wenyewe. Nami nilifurahi, mpaka nilipofika safu ya tatu. Makala sijaibandua, ila nimezungushia wino mwekundu mashauri manne yaliyomo, na naomba wasomaji wako wote wajue sababu.

Mwandishi wenu anasema hivi. Kifurushi kimoja, yaani programu au sehemu yake, kikizuia kingine kisiwekwe, ng'oa kinachozuia kwa emerge -C; emerge ndiyo amri ya kuweka na kuondoa vifurushi. Mfumo ukiendelea kukataa, ulazimishe kwa --nodeps. Ikishindikana kabisa, futa diski uanze upya. Na ili usifike huko, usisasishe mara kwa mara, kwa sababu bando ni ghali.

Naanza na la kwanza kwa kuwa ndilo la hatari zaidi. Amri ya emerge ina C kubwa na ina c ndogo, na hizo ni amri mbili tofauti kabisa. C kubwa huondoa kifurushi bila kukagua nani anakitegemea. Huhesabu sekunde tano kwenye kioo, kisha hung'oa. c ndogo hukagua kwanza. Ikikuta programu nyingine inakihitaji kifurushi hicho, hukataa kukigusa, na ukiiongezea v itakutajia jina la programu hiyo. Mwongozo wenyewe wa Portage, yaani programu inayoleta, inayojenga na inayoondoa vifurushi vyote, umeweka onyo kwenye C kubwa, kwamba inaweza kuondoa vifurushi muhimu na kuuacha mfumo haufanyi kazi. Sasa mchukue msomaji wa Soroti au Arua mwenye kompyuta moja tu ya kumpatia riziki. Anafuata makala yenu, anakuta kinachozuia ni lile toleo la Python, lugha ya kuandikia programu, ambalo mfumo wake unalitumia, anaandika C kubwa. Portage yenyewe imeandikwa kwa Python. Kuanzia dakika hiyo emerge haifunguki. Hawezi kusasisha, hawezi kurudisha alichoondoa, na makala imeshamwambia kinachofuata ni kufuta diski.

Labda mwandishi aliandika c ndogo na herufi ikabadilishwa njiani, kwa simu au kwa mpanga kurasa. Najua mambo hayo hutokea gazetini. Lakini aya inayofuata inasifu amri hiyo kwa kuwa "haina maswali mengi", na sifa hiyo ni ya C kubwa tu.

Isitoshe, mara nyingi hakuna cha kung'oa. Portage inapoonyesha orodha ya kazi inayokusudia kufanya, vizuizi huandikwa kwa b ndogo au kwa B kubwa. Ile ndogo maana yake tatizo limeshaonekana na litamalizwa na Portage yenyewe, kwa kuondoa cha zamani wakati unaofaa. Ni ile kubwa tu inayokungoja wewe uamue. Makala haikuzitenganisha. Iliwaambia watu wakiona neno la kizuizi wachukue hatua, na hatua yenyewe ndiyo hiyo niliyoieleza.

Kwa msomaji asiyeujua mfumo huu, Ubuntu na Debian hukuletea programu zilizokwisha kujengwa. Gentoo hukuletea msimbo chanzo pamoja na maelekezo ya kuujenga, yanayoitwa ebuild, na kompyuta yako ndiyo inayokompaili, yaani inayougeuza kuwa programu. Ni tofauti ya kununua unga wa posho dukani na kupeleka mahindi yako mwenyewe mashineni. Sisi hatukuuchagua kwa fahari. Kompyuta zetu ni mitumba iliyonunuliwa Kampala, nyingine zina memori ya gigabaiti mbili tu, na tunapoacha nje ya ujenzi yale tusiyoyatumia, kwa chaguo zinazoitwa USE, zinafanya kazi ambayo mifumo mingine ilizishinda. Kompyuta moja yenye nguvu zaidi kidogo ndiyo inayokompaili. Zilizobaki huchukua kwake vifurushi vilivyo tayari kupitia nyaya za maabara, bila senti ya intaneti. Tumeiwekea chaguo la buildpkg, linalohifadhi kila kilichojengwa kama kifurushi, kwenye faili la mipangilio la make.conf, na tumehakikisha haijengi kwa -march=native, yaani kwa kulenga prosesa yake pekee, kwa sababu programu iliyojengwa kwa prosesa mpya huweza kufa papo hapo ikifunguliwa kwenye prosesa ya zamani. Tena tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe inatoa vifurushi vingi vilivyojengwa tayari kwa prosesa za kawaida, kwa hiyo hata mwenye kompyuta moja halazimiki kukompaili kila kitu.

Narudi kwenye bando. Hoja hiyo naiheshimu. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, na sijui mzazi hapa Tororo asiyeuhisi. Lakini kutosasisha hakupunguzi gharama. Kunaisogeza mbele, na kunazaa ile migongano ambayo makala inadai kuitibu.

Sababu ni kwamba hazina ya Gentoo, yaani mkusanyiko wa maelekezo ya kujenga vifurushi vyake, husogea kila siku, na husogea kwa mpangilio. Matoleo ya zamani hukaa kwa muda kando ya mapya, ili watu wavuke, kisha huondolewa. Tarehe 1 Juni 2024 Python 3.12 ilifanywa kuwa toleo la kawaida badala ya 3.11. Aliyekuwa anasasisha kila wiki mbili au tatu alipewa taarifa mapema, inayosomwa kwa eselect news read, na siku ilipofika vifurushi vyake vya Python vilijengwa upya kimyakimya. Aliyengoja hadi mwaka umepita anakuta nusu ya vifurushi vyake vinadai toleo asilokuwa nalo, na nusu nyingine ni matoleo ambayo hayapo tena kwenye hazina, kwa hiyo hayajengeki upya. Ni hivyohivyo kwa profaili ya 23.0, yaani seti ya mipangilio ya msingi ya mfumo, iliyotoka Machi 2024. Ilikuja na maelekezo ya hatua kwa hatua: jenga kwanza vifurushi vya msingi, yaani binutils, kisha gcc, kisha glibc, halafu mfumo mzima. Kwa aliyeyafuata wakati ule ilikuwa kazi ndefu lakini iliyonyooka. Mwenye mfumo uliolala anayakuta mabadiliko haya yote yamerundikana siku moja, na Portage inapojaribu kuyapanga kwa pamoja inakwama.

Anayetaka kuokoa bando ana njia za kweli. emerge-webrsync huleta hazina yote katika faili moja lililobanwa, na kwa mtandao wetu unaokatika ni afadhali kuliko usawazishaji wa kawaida. emerge -pvuDN @world huonyesha kila kitakachosasishwa na ukubwa wa kitakachopakuliwa kabla hujapakua hata baiti moja. Ukiridhika, badilisha p iwe f, ipakue usiku kwenye bando la usiku bila kujenga chochote, kisha ujenge mchana intaneti ikiwa imezimwa. Msimbo uliopakuliwa hukaa kwenye /var/cache/distfiles. Jirani yako mwenye Gentoo anaweza kuunakili kwa flashi, na hatalipia tena. Hayo ndiyo yangestahili nafasi ukurasani.

Mwandishi wenu pia alileta mfano wa xz, programu ya kubana faili, kuonyesha kwamba masasisho yana hatari. Ni kweli matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yametiwa mlango wa siri, na mtaalamu wa programu Andres Freund aliutangazia ulimwengu tarehe 29 Machi 2024. Lakini tazameni dawa ilivyofika. Gentoo iliyafunga matoleo hayo kwenye hazina, na mtu aliyekuwa nayo akasasisha, Portage ilimrudisha kwenye toleo la nyuma lililo salama. Aliyekuwa nayo akaacha kusasisha kwa kufuata ushauri kama wenu, alibaki nayo. Mfano huo unawapinga wenyewe.

Sasa niseme kuhusu kusoma, maana ndiko moyo wangu uliko. Portage ikikataa, haikai kimya. Inaandika sababu, na inaiandika kwa undani kuliko programu yoyote ninayoifundisha. Shida ni kwamba inaandika sana, kwa rangi, na mtu anaogopa.

Muhula uliopita, wakati tukijiandaa na mtihani wa vitendo, sasisho la ile kompyuta kubwa lilikataa. Kioo kilijaa. Msichana mmoja wa S.3 aliyekuwa zamu akaniita, "Mwalimu, tulazimishe?" Nikamwambia asome kwanza, aanze na jina la kifurushi kinachogombaniwa. Kilikuwa poppler, maktaba (yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya kusoma faili za PDF. Chini ya jina hilo palikuwa na matoleo mawili, jipya na la zamani, na chini ya kila toleo majina ya wanaolidai. Portage huweka vialama vya ^ chini ya sehemu ile hasa ya dai inayoleta ugomvi, iwe ni namba ya toleo au chaguo la USE. Alivifuata vialama vile kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye programu moja ya kuhariri PDF iliyowekwa na mwalimu aliyenitangulia. Hakuna aliyekuwa akiitumia. Ilikuwa imeshaondolewa kwenye hazina, kwa hiyo haikuwezekana kuijenga upya ilingane na poppler mpya, nayo ndiyo ilikuwa imeling'ang'ania lile la zamani.

Tukaandika emerge -pcv na jina la programu hiyo. Angalieni: c ndogo, na p ya kuonyesha bila kutenda. Jibu likaja kwamba hakuna kinachoitegemea. Tukatoa p, ikaondoka. Tuliporudia sasisho, orodha ilitoka safi, na LibreOffice na wenzake waliotumia poppler wakapangwa kujengwa upya bila sisi kuwataja. Poppler hubadilisha kiungo chake na programu nyingine karibu kila toleo jipya, na Portage huweka kumbukumbu ya nani alijengwa juu ya lipi. Yule msichana sasa ndiye anayewaonyesha wenzake pa kuanzia kusoma.

Mngemwambia atumie --nodeps angepata nini? Chaguo hilo halimalizi utegemezi, linaacha kuukagua tu. Hitaji liko palepale. Ama ujenzi unakwama katikati kwa kukosa kitu, ama programu inawekwa kisha inakataa kufunguka kwa sababu maktaba inayoitafuta haipo. Mgongano unakuwa umetolewa mahali unapoonekana, ukapelekwa mahali usipoonekana, na atakayekutana nao ni mwalimu wa jiografia Jumatatu asubuhi anapotaka kuchapa mtihani.

Kuna mgongano mmoja ambao watu wengi hudhani hauna dawa, nao ni wa mduara kati ya maktaba mbili za kuonyesha maandishi: freetype inataka harfbuzz iwepo kwanza, na harfbuzz inataka freetype iwepo kwanza. Hata huo hauhitaji nguvu. Unajenga freetype kwa muda bila harfbuzz, kwa kuandika USE="-harfbuzz" emerge -1 freetype, kisha harfbuzz, kisha unaijenga freetype tena ikiwa kamili. Hiyo 1 ni muhimu, inazuia kifurushi kisiandikwe kwenye orodha ya vile ulivyovichagua mwenyewe. Orodha ya world iliyojaa vitu ambavyo mtu hakuvichagua ni chanzo cha migongano ambacho sijaona makala yoyote ikikitaja.

Na kuna yale ambayo si mgongano kabisa, ila mafundi huyaita hivyo. Memori ikiisha, kikompaili huuawa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, na ujenzi husimama. Dawa ni kupunguza idadi ya kazi zinazofanywa kwa pamoja, kwenye mpangilio wa MAKEOPTS, kwa kadirio la gigabaiti mbili za memori kwa kila kazi moja. Kompyuta zetu ndogo, zikilazimika kujenga zenyewe, hujenga kwa -j1, yaani kazi moja tu kwa wakati.

Stima nayo. Hapa nina uchungu. Mama mmoja mwenye duka la fotokopi na uchapaji kule Malaba aliniletea kompyuta iliyokwisha kufutwa. Mwanawe alimwekea Gentoo kabla ya kwenda kusoma. Siku moja stima ilikatika wakati mfumo unakompaili, na fundi wa mtaani akamwambia mfumo umevunjika, akafuta kila kitu. Mikataba ya viwanja, kadi za mialiko ya harusi, barua za wateja wa miaka. Na fundi huyo alilipwa pesa. Yule mama aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, kwani vilikuwa vimeharibika kweli?" Nilimwambia ukweli. Havikuwa vimeharibika.

Portage hujenga kila kifurushi pembeni, chini ya /var/tmp/portage. Toleo la zamani linaendelea kufanya kazi mahali pake mpaka jipya limalizike kujengwa, na ndipo faili hubadilishwa, kwa muda mfupi mwishoni. Stima ikikatika katikati ya saa tatu za kukompaili, kilichopotea ni saa hizo tu. Unawasha kompyuta, unaandika emerge --resume, orodha inaendelea pale ilipoishia. Hata maktaba ya zamani ikibadilishwa wakati programu nyingine bado zinaitumia, Portage huihifadhi, na hukukumbusha uandike emerge @preserved-rebuild ili zijengwe upya kabla haijaiondoa. Waliotengeneza mfumo huu walifikiria sana jinsi ya kutovunja kompyuta ya mtu. Ndiyo maana inaniuma kuona gazeti linawafundisha watu kuzima kila kinga waliyowekewa, moja baada ya nyingine, kwa herufi moja.

Naomba, ndugu Mhariri, marekebisho ya ile amri ya C yachapwe kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, siyo kwenye kona ya ukurasa wa pili. Wasomaji wa gazeti hili hawana fundi mwingine wa kumuuliza kwa lugha wanayoielewa, na wengi watakuwa wamelikata na kuliweka kama walivyofanya wanafunzi wangu.

Kwa msomaji aliyekwisha kuitekeleza na emerge yake haifunguki tena: usifute diski. Washa kompyuta kwa flashi ya Gentoo, fungua diski yako, kisha pakua stage3, yaani mfumo wa msingi wa Gentoo uliojengwa tayari, na uifungue kwenye folda ya pembeni. Ingia humo kwa amri ya chroot, inayoifanya folda hiyo iwe kana kwamba ndiyo mfumo mzima, tengeneza kifurushi cha Python kwa amri ya quickpkg, na urudishe faili zake kwenye mfumo wako. emerge ikianza kuitika, ijenge Python upya kwa emerge -1, kisha endelea na sasisho ulilokuwa unalitaka. Faili zako zilizo kwenye /home hazijaguswa. Na aliye karibu na Tororo asiyejiamini kuyafanya hayo peke yake, aje nayo Jumamosi asubuhi. Maabara huwa wazi, na wanafunzi wangu wanajua pa kuanzia kusoma.

Mwalimu wa kompyuta,
Tororo, Uganda